Tulivyobeba baiskeli za watoto kutoka Bunju hadi Lushoto

Kila ninapomwambia mtu kwamba tulikwenda Lushoto na baiskeli za watoto zikiwa zimefungwa nyuma ya gari, swali la kwanza huwa ni lile lile: mlizifungaje? Sasa nalijibu kwa kirefu, pamoja na gharama na yale yaliyotutoa jasho. Sisi wenyewe tulipokuwa tunajiandaa hatukumpata mtu aliyewahi kufanya hivyo kwa gari kama letu na kwa barabara zetu. Video tulizotazama zilikuwa za Ulaya na Marekani, kwenye barabara zisizo na matuta, na magari yao yote yalikuwa na ndoano ya kuvutia tela.

Gari letu ni Toyota Noah ya siti nane, imetumika Japani kabla ya kuja kwetu. Tuko watano: mimi, mume wangu, kijana wa miaka kumi na mitatu, binti wa miaka kumi na kitinda mimba wa miaka sita. Ilikuwa likizo ya Juni, tunakwenda kwa wifi yangu anayeishi Lushoto. Tangu Pasaka alikuwa akiwapigia simu watoto: "Njooni kwa shangazi na baiskeli zenu, huku mtaziendesha mpaka mchoke." Binti alikuwa amenunuliwa baiskeli baada ya matokeo ya darasa la nne, na hapa Bunju, Dar es Salaam, anaiendesha uani na vichochoroni tu. Barabara ya Bagamoyo siwezi kumruhusu hata aivuke nayo.

Kabla ya kuwaza kamba wala keria, tuliamua kwanza zipi zinakwenda. Nyumbani zipo tano. Tuliazima mizani ya kupimia mwili kwa jirani: mtu anapanda akiwa ameinua baiskeli, kisha unatoa uzito wake. Phoenix nyeusi ya mume wangu, aliyoachiwa na marehemu baba yake, ilikuwa kama kilo 20. Ya kijana, ya mtumba ya inchi 26, ilikaribia 16. Ya binti ya inchi 24 ilikuwa 14, na ile ndogo haikufika 10. Ukijumlisha na yangu, unapata mzigo mzito kuliko mtu mzima mnene, tena unaning'inia nje ya gari. Tukazipunguza. Lushoto wapo wanaokodisha baiskeli za milimani kwa watu wazima, ila saizi za watoto ni shida kuzipata, kwa hiyo tukabeba za watoto peke yake. Mume wangu ilimuuma kuiacha Phoenix, lakini breki zake ni zile za fito za chuma, na mteremko wa milimani hauzifai. Nawashauri wengine nao waanze na hesabu hii. Kila baiskeli unayoiacha nyumbani inakupunguzia kazi kuliko kifaa chochote utakachonunua.

Suala la mahali pa kuziweka lilituchukua muda mrefu zaidi. Ndani ya gari zinaingia, kwa sababu siti za nyuma kabisa za Noah hukunjwa pembeni. Tulijaribu. Mbili zilikaa, na nafasi ya mizigo ikaisha, wakati Juni Lushoto ni baridi na lazima masweta na blanketi viende. Halafu nikawaza breki ya ghafla: chuma cha kilo 16 kilichosimama nyuma ya vichwa vya watoto, hakijafungwa popote. Tukakubaliana iingie ndogo tu, ikiwa imetolewa magurudumu, imelazwa sakafuni na kufungwa kwenye vyuma vya chini ya siti.

Juu ya paa kuna watu wanabeba, na kwa gari lenye reli za paa inawezekana vizuri. Letu halina reli. Kitabu cha gari kimeandikwa Kijapani, tukapiga picha kurasa na kuzitafsiri kwa simu ili tujue paa linaruhusiwa uzito gani. Kila gari lina kiwango chake, na kumbuka uzito wa keria yenyewe umo ndani ya hesabu hiyo. Pia kuna urefu. Noah ina karibu mita 1.9, ukisimamisha baiskeli juu yake unakaribia mita tatu, na geti la wifi lina kipaa cha mabati juu yake. Upepo nao unakula mafuta.

Zipo keria za mtumba za kufunga kwa mikanda kwenye mlango wa nyuma, tuliziona mtaa wa Gerezani, Dar. Kulabu zake hushika ukingo wa juu wa mlango. Ukingo wa mlango wetu ni plastiki na kioo, si bati, kwa hiyo tukaziacha. Ukitaka kununua hizo, nenda na gari lenyewe, uivishe pale pale kabla ya kulipa.

Ikabaki kuchomelea chuma cha kubebea, kifungwe chini ya gari. Fundi wa kwanza alifanya kazi haraka, akachukua laki moja na nusu, na akakabidhi kitu kinachong'aa rangi nyeusi. Tulipanga kuondoka Jumatatu. Jumamosi tukafunga baiskeli kama zitakavyokwenda, tukaacha watoto nyumbani, tukaingia barabara za vumbi za huku Mabwepande tukatafuta mashimo kwa makusudi. Tuliporudi, mume wangu alishika mkono wa kile chuma akautikisa. Ulicheza. Alipofuta vumbi kwa kitambaa, pale kwenye kona ya kuchomelea kulikuwa na ufa mwembamba kama unywele, rangi imebanduka, na ndani chuma kinang'aa kipya. Nilipata baridi mwilini. Niliwaza basi la mkoani likiwa nyuma yetu, na baiskeli ya mwanangu inaanguka mbele yake kwa mwendo wa kilomita 80. Safari tukaisogeza mbele wiki moja, watoto wakanuna, na fundi akarudisha nusu ya fedha baada ya maneno mengi.

Fundi wa pili alianza kwa maswali: baiskeli ngapi, kilo ngapi, mnapita barabara gani. Akalala chini ya gari na tochi. Akatuonyesha kwamba kile chuma cha mwanzo kilishikwa kwenye bati jembamba la ndani ya bampa, lisilokusudiwa kubeba kitu. Yeye alikifunga kwenye mihimili miwili ya chesisi kwa bolti nene, akatumia bomba la mraba lenye ukuta mzito zaidi, na kila kona akaiongezea kipande cha pembetatu. "Dada," aliniambia, "kona bila pembetatu ni kuomba ivunjike. Na rangi sipaki mpaka nyie mkague welding." Alidai laki mbili na themanini elfu, nasi tukalipa bila kunung'unika. Kama unakwenda kwa fundi wa kuchomelea, muulize mambo hayo: anafunga wapi, unene wa bomba, pembetatu za kona, na nati za kujifunga zisizolegea kwa mtikisiko. Ukaguzi wa welding ufanyike kabla ya rangi. Tulirudia jaribio letu Mabwepande, na safari hii chuma hakikucheza.

Ufungaji wenyewe tuliufanya jioni kabla ya safari, kwa utulivu, mwanga ukiwepo. Kuna jambo ambalo wengi hawalifikirii: upana. Noah ina upana wa takriban mita 1.7, na baiskeli ya inchi 26 urefu wake ni hapo hapo. Ukiilaza kwa upana nyuma ya gari, gurudumu linachungulia nje upande mmoja au yote miwili, dereva halioni kwenye vioo vya pembeni, na anayekupita halitarajii. Tulitoa magurudumu ya mbele tukayaingiza ndani ya gari. Moja tulielekeza kulia na nyingine kushoto, ili usukani wa hii usigongane na kiti cha ile.

Pedeli nazo tulizitoa, kwa sababu ndizo zinazokwaruza fremu ya jirani. Spana ni namba 15. Ya kulia hufunguka kama nati yoyote. Ya kushoto ina meno ya kinyume, kwa hiyo kuifungua unazungusha kuelekea inakozunguka saa. Kijana alikuwa anaikaza kwa nguvu zake zote akidhani anaifungua, baba yake akamwahi. Meno ya pale yakiharibika, umeharibu mkono mzima wa pedeli. Kengele, chupa za maji na taa zote tukazivua. Kila chuma kilipogusana na chuma tulizungushia vipande vya tyubu kuukuu, ambavyo fundi baiskeli wa mtaani alitupa bure. Siti tukazifunika mifuko ya plastiki, cheni tukazifunga kwa vipande vya kanga zilizochakaa ili grisi isichafue nguo za anayepita karibu.

Kuhusu kamba: kamba za mpira peke yake hazitoshi. Zinavutika kila gari linaporuka, na baiskeli nayo inacheza mpaka inachimba rangi. Kamba ya katani nayo ikilowa inajikaza, ikikauka inalegea, na huwezi kujua saa ngapi. Tulitumia mikanda ya kukaza yenye kifungo cha chuma, ile ya madereva wa malori, miwili kwa kila baiskeli ili mmoja ukikatika mwingine ubaki. Ulitugharimu elfu kumi na mbili mmoja. Mkanda upe msokoto mmoja kabla ya kuukaza, la sivyo upepo unaupiga na unavuma njia nzima, na unajisaga. Mipira tuliongeza juu kama msaada. Mwishoni tukapitisha kufuli la waya katika fremu zote mbili na kwenye chuma.

Baada ya kufunga, simama nyuma ya gari uangalie kama ungekuwa dereva mwingine. Namba za gari zinasomeka? Taa za breki na indiketa zinaonekana zote? Tulilazimika kuinua baiskeli ya binti kidogo ili namba ibaki wazi. Tukafunga kitambaa chekundu upande uliotokeza zaidi. Matairi ya nyuma ya gari tuliyaongezea upepo kidogo, kwa kufuata kibandiko kilichopo pembeni mwa mlango wa dereva.

Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri, kwa njia ya Bagamoyo na kukatisha kwenda Msata, kilomita 64 za lami zinazokuepusha na foleni ya Kibaha na Chalinze. Kabla hatujafika mbali tulisimama kukagua. Hili naliona kubwa kuliko yote: kilomita za mwanzo zinashusha kila kitu mahali pake, tyubu zinabonyea, na mikanda uliyoiona imekaza jana usiku asubuhi imelegea. Yetu ilikuwa imelegea yote minne. Tukakaza tena, na toka hapo tukawa tunakagua kila tuliposimama kwa ajili ya choo au chai.

Adui wa mzigo wa nyuma ni matuta. Chuma kinachotokeza nyuma ya ekseli kinarushwa zaidi kuliko gari lenyewe. Ninyi ndani mnahisi mtikiso mdogo, kule nyuma baiskeli imepigwa juu na kushushwa. Kuanzia Msata hadi Segera kila kijiji kina matuta yake, na kabla yake kuna rasta, vile vituta vyembamba vilivyofuatana, zinazotetemesha nati zote. Mume wangu alishuka mpaka mwendo wa mtu anayetembea kwenye kila tuta, na alilipanda moja kwa moja, bila kulikata kwa pembeni, kwa sababu ukilikata upande mmoja unapanda kabla ya mwingine na chuma kinajipinda. Vijijini ukomo ni kilomita 50 kwa saa, kwa hiyo huna cha kupoteza. Kijana alipewa kazi ya kutazama nyuma, na aliifanya kwa bidii mpaka Korogwe.

Kabla ya daraja la Wami trafiki alitusimamisha. "Mzee, shikamoo. Huo mzigo wa nyuma umekaaje?" Akazunguka, akatikisa baiskeli kwa mkono, akaomba breki ikanyagwe aone taa, akatuambia tuendelee salama. Dakika zile chache za kusimama nyuma ya gari jioni zililipa hapo.

Mkata tuliposimama, mkanda mmoja ulikuwa umekatika nyuzi hadi nusu ya upana wake. Ulikuwa umelala juu ya ncha ya bomba ambayo haikusuguliwa, na kila tuta lilikuwa likiusaga. Ule wa pili ndio ulioshikilia. Tulibadilisha, tukaizungushia ile ncha tyubu mara kadhaa. Pitisha kiganja kwenye chuma chote kabla ya kufunga. Mahali panapokukwaruza wewe patakata mkanda.

Kuna kitu ambacho jaribio la Mabwepande halikuweza kukionyesha, kwa sababu lilikuwa fupi. Tulipoingia Korogwe kula, baada ya saa nyingi barabarani na mashamba ya katani yakiwa yametupita pande zote, kijana alisema kuna harufu ya mpira unaoungua. Bomba la moshi la gari linatokea nyuma, upande wa kulia, na tairi la nyuma la baiskeli ya binti lilikuwa juu yake kwa kipimo cha shubiri moja. Kwa mwendo mfupi bomba halikuwa limechemka kiasi cha kudhuru. Sasa ubavu wa tairi ulikuwa umelainika na kuvimba, na nilipougusa alama ya kidole ilibaki. Binti alilia pale pale, bila sauti, ameshika usukani wa baiskeli yake. Nilimkumbatia, lakini moyoni nilikuwa namshukuru Mungu kwamba tyubu haikupasuka kwa kishindo mlimani.

Kutafuta tairi nako kulikuwa kazi. Korogwe baiskeli ni nyingi, ila maduka yamejaa matairi ya inchi 28 ya baiskeli za mizigo na ya 26. La 24 tulilipata ndani kabisa ya soko, kwa elfu kumi na nane, na tyubu elfu nne. Kipimo kimeandikwa ubavuni mwa tairi. Piga picha kabla ya safari, na kama baiskeli ni ya mtoto beba tyubu ya akiba ya saizi yake kutoka nyumbani. Tulitoa na gurudumu la nyuma, tukaliingiza ndani, fremu ikabaki peke yake mbali na moshi. Wakati wote huo mmoja wetu alibaki kwenye gari. Kufuli la waya linamchelewesha mwizi tu.

Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 hivi, na barabara inapanda kwa kona mfululizo, upande mmoja mwamba, upande mwingine korongo. Malori ya mboga na mabasi yanashuka na kujaza njia. Hapo nilielewa faida ya kutoa magurudumu ya mbele: mara mbili tatu tulibanwa kwenye mwamba kupisha basi, na kama gurudumu lingekuwa limetokeza, lingebaki pale. Piga honi kabla ya kona, tumia gia ndogo, na ukifika Soni, njiani, simama upumzishe injini. Watoto wananunua matunda, wewe unakaza mikanda.

Lushoto mji uko juu, karibu mita 1,400, na siku ya kwanza hatukuwaruhusu watoto waendeshe kabla baiskeli hazijapita kwa fundi wa pale. Ukitoa na kurudisha magurudumu, breki hazikai zilipokuwa. Fundi alikaza waya za breki, akabadilisha raba za breki za kijana zilizokuwa zimeisha, akachukua elfu saba. Kwa Bunju ambako ni tambarare raba zile zilikuwa zinatosha. Kwenye mteremko wa kutoka Magamba zisingemsimamisha. Njia ya Irente iliwafaa zaidi watoto, ni ya udongo mwekundu yenye nyumba na watu wa kusalimiana nao, na mwisho wake unasimama juu ya jabali ukitazama nyanda za Mazinde chini kabisa. Binti aliiendesha yote kwenda, nikiwa nyuma yake na baiskeli ya kukodi, na kila kilima alichoshindwa alishuka akaikokota mwenyewe, akakataa nisimsaidie.

Kwa ujumla, chuma cha fundi wa pili, mikanda, tairi na matengenezo ya Lushoto vilitugharimu kama laki tatu na nusu, ukiacha hasara ya fundi wa kwanza na mafuta. Chuma tumekifungua, bolti tumezipaka grisi kwa sababu Bunju chumvi ya bahari inakula nati haraka, kimelala stoo kikisubiri Desemba.

Kwa wenye gari dogo, kama IST au Vitz, sioni sababu ya kuingia gharama hiyo. Mabasi ya mikoani hubeba baiskeli kwenye buti kwa malipo ya kuelewana na kondakta. Itoe pedeli na magurudumu ya mbele, geuza usukani uwe sambamba na fremu, viringishia maboksi na kanga kuukuu, andika jina na namba ya simu ya anayepokea sehemu mbili tofauti, na itume siku moja kabla yenu, huku mwenyeji akiwa na namba ya basi. Wifi amekwisha kutuambia kwamba Phoenix ya kaka yake ikiletwa hivyo ataipokea stendi yeye mwenyewe, na fundi wake ataitafutia breki nyingine.